Tiketi ya Kumshika Mkono Mwimbaji

Guangzhou, 9 Februari 2025

Kwa Shangazi yangu Bi Mwanahija Msabaha,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kama itakukuta unagombana na muuza samaki hapo mlangoni kwako Kikwajuni, basi uzima wenyewe ndio huo. Sisi huku tuko salama. Baridi haijatuacha, navaa sweta mbili na bado meno yanagongana. Mwaka mpya wa Wachina umekwisha, viwanda vya mikoba kule Shiling vimeanza kufunguliwa, na mimi nimesharudi kupanda na kushuka ngazi za masoko ya Xiaobei kama kawaida. Biashara si haba. Nimenenepa kidogo, usimwambie mama.

Shangazi, Haroun ananiambia simu yako imeharibika, na hata akikupa ya kwake huishiki. Ati umesema mwenye haja na aandike. Tangu lini? Mwaka jana mwanzoni ulikuwa ukinitumia ujumbe wa sauti ofisi nzima inageuka, Wachina wakidhani nagombezwa na polisi. Haya, kwa kuwa mdogo wangu naye hana kauli mbele yako, nimenunua karatasi. Abdulsamad, yule bwana wa mizigo ninayeshirikiana naye ofisi, anasafiri Alhamisi na atakukabidhi mkononi.

Sasa la maana. Jirani yangu hapa sokoni ni dada wa Kichina anaitwa Mei, anauza vibanio vya nywele. Mei ana wazimu na kundi la wasichana wa Kijapani liitwalo Mizutama. Wako saba, wanavaa nguo za madoadoa, wanaimba na kucheza, na mashabiki wao wanawapenda kuliko ndugu zao wa damu. Mwezi uliopita wametoa sidii ya nyimbo za zamani tupu: za zama za mama zao, za zama za bibi zao, mpaka za waliowazaa bibi zao. Hawakutunga hata moja. Wamezichukua nyimbo za watu na kuziimba upya kwa koo zao changa. Mei anaipiga kutwa nzima, nami nilikuwa nimeshachoka nayo, mpaka siku moja nikajikuta nimesimama na mkoba mkononi, mteja ananisubiri, nami nawaza wimbo wako. "Taa Bado Sijazima." Nani anauimba leo?

Lulu, rafiki yangu wa Malindi unayemjua, anaolewa na Sufian wa Dar. Harusi itakuwa hapa hapa Guangzhou, mwezi wa kumi na moja, yakimalizika maonesho ya biashara ya Pazhou, wakati watu wetu wote wako mjini. Yuko msichana hapa anatamani kuuimba wimbo wako siku hiyo. Naomba ruhusa yako kwa niaba yake. Nakuletea na sidii yenyewe, na redio ndogo ya kuichezea, ujionee kwamba kuimba wimbo wa mtu si kuiba.

Mwana wa kaka yako,
Ilham


Zanzibar, 27 Februari 2025

Mwanangu Ilham,

Waalaykumu salaam. Mimi mzima. Muuza samaki pia mzima, ingawa hastahili. Mama yako nimemwambia kuwa umenenepa, amefurahi. Haroun anakula kama mtu anayehama nyumba. Paa la jikoni lilikuwa linavuja, limezibwa.

Abdulsamad wako kanifikishia barua imekunjamana, maana aliisafirisha ndani ya kiatu cha mteja. Mwambie barua si soksi.

Jibu langu ni hapana. Wewe umezaliwa wakati kila mtu anaimba cha kila mtu, na aliyeshika kipaza sauti ndiye mwenye wimbo. Sisi waimbaji wa kikundi cha taarab cha Ua la Kikwajuni hatukuwa hivyo. Mtunzi akikupa wimbo, ni wako. Mwenzako akiutamani, atautamani kama atamanivyo mume wa mtu, kimyakimya. Hapandi jukwaani na wimbo wako nawe yu hai umekaa unamtazama. Huko ni kukuzika na macho yako yanaona. Na mimi sijafa.

Huyo msichana hana jina? Asiwe wewe tu. Nilikwambia tangu ulipokuwa chuo cha Kurani, ukipayuka na kaswida, kwamba sauti yako ni ya kuitia kuku. Mungu amekupa akili ya biashara, shukuru.

Hiyo sidii nimeipokea, sijaifungua. Ramadhani inaingia na sina nafasi ya Wajapani. Simu usiniletee.

Shangazi yako,
Mwanahija


Guangzhou, 12 Aprili 2025

Shangazi mpenzi,

Idi mubaraka, ingawa itakufikia Idi imeshaliwa na vyombo vimeshaoshwa. Huku tuliswali tumebanana, kisha tukala biriani kwa mama mmoja wa Kitanga mpaka nikalegeza mkanda. Jumanne hii maonesho yanafunguliwa Pazhou, na wageni wameanza kumiminika. Leo asubuhi nimebishana na bosi mmoja kiwandani. Nikamwambia, "Laoban, tai gui le, bosi, ghali mno, mkoba huu zipu yake haifiki hata Idi." Akanijibu, "Mei you, mei you, si ghali, rafiki, bei ya mwisho!" Nikaondoka zangu, akanikimbilia mpaka kwenye ngazi. Ulinifundisha wewe pale soko la Darajani: bei ya kweli iko mgongoni, lazima uupe mgongo kwanza.

Kwa hiyo na "hapana" yako naichukulia kama bei ya kwanza.

Sikiliza. Hawa Mizutama hawakuvamia. Mei anajua kusoma Kijapani kwa ajili yao tu, alijifundisha mwenyewe. Anasema ndani ya kijitabu cha sidii imeandikwa kwamba kila wimbo walimwendea mwenyewe kwanza, au watoto wake kama ameshatangulia. Walibisha hodi, wakakaa chini, wakaomba. Wapo waliokataa, na nyimbo zao hazimo. Sasa tofauti yangu na wao ni ipi? Nami nimebisha hodi.

Utakuta humo ndani kikaratasi cha rangi ya waridi. Usikitupe. Ni tiketi ya kumshika mkono mwimbaji. Ndiyo, kweli! Mashabiki wananunua sidii, wanapata tiketi, wanapanga foleni kubwa, na kila mmoja anashikana mkono na msichana ampendaye kwa muda wa kupiga chafya, anamwambia neno moja, basi anasogezwa mbele. Mei alikwenda mpaka Osaka kwa ajili hiyo. Alipofika mbele akasahau neno lenyewe, akasema, "Umekula?" Bado akikumbuka anajifunika uso.

Na jambo la pili. Ile kaseti ya marehemu baba, ambayo ndiyo peke yake yenye wimbo wako, imeliwa na mashine. Kilichosalimika ni ubeti wa kwanza:

Taa bado sijazima, dirishani naiweka
Moyo wangu u mzima, kukungoja sijachoka
Hata waje kunisema, neno lao sitashika
Mafuta hayajakoma, nuru yake itafika

Baada ya hapo ni kelele za utepe tu. Nakuomba, chukua simu ya Haroun, niimbie ubeti wa pili. Hata kwa kunong'ona. Msichana asiujue wimbo kwa kubahatisha.

Wako,
Ilham


Zanzibar, 2 Juni 2025

Mwanangu,

Alhamdulillah tu wazima. Mama yako goti limepoa kwa mafuta uliyoleta. Haroun amepata kazi kwenye duka la dawa, sasa kila anayekohoa hapa nyumbani anapewa mhadhara. Idi Kubwa ni wiki hii, na mbuzi tumeshirikiana na jirani.

Nimewasikiliza wasichana wako wa madoadoa. Nilikuwa sina kazi, mvua ilikuwa inanyesha. Kijapani sikijui, lakini kuimba nakujua. Wa wimbo wa pili anaimba huku anatabasamu, unasikia meno tu. Wa tatu na wa tano ni mtu mmoja, wasitudanganye. Ana kifua kizuri na hajui akitumieje. Wa sita analia uongo. Mtu aliaye kweli hapati pumzi ya kuvuta taratibu namna ile. Na ala wamezijaza kama sanduku la bibi harusi, hapana hata pa kuingiza kidole. Lakini yupo mmoja, sauti nzito kidogo, anaingia nyuma ya wenzake kama aliyechelewa darasani. Huyo ndiye mwimbaji. Mwambie Mei amshike huyo, wengine awaache wacheze.

Tiketi nimeiona. Nimecheka. Kwetu mtu akimpenda mwimbaji hakuhitaji tiketi. Aliinuka kwenye kiti chake, akaja anacheza taratibu mpaka mbele, na noti yake juu, akaitia mkononi mwako mwenyewe, na ukumbi mzima ukajua wimbo umemfika. Hawa wanapanga foleni kama wa mafuta ya taa. Maskini.

Sasa nijibu hili. Wimbo wa mwisho kabisa, kuna kitu kinagonga. Tk, tk. Si ngoma, si kijiti. Halafu katikati anakuja mwanamke mtu mzima. Haimbi. Anayasema maneno tu, kwa sauti iliyokwaruzika, na wale watoto wote wanashuka chini wanamngoja amalize. Ni nani huyo? Mbona haimbi? Na kwa nini wamemwacha hivyo hivyo?

Nimeurudia mara kadhaa. Haroun akaniuliza mbona naurudia, nikamwambia redio imekwama.

Siulizi kwa sababu yoyote.

Mwanahija


Guangzhou, 21 Juni 2025

Shangazi,

Salamu nyingi kutoka kwenye joto linaloyeyusha sandali. Sisi wazima. Mwambie Haroun hongera, na aniletee dawa ya mafua si mhadhara. Lulu ameshaanza kupima nguo, kila siku mpya, na Sufian ameshaanza kukonda.

Mei alipoambiwa hukumu yako ya wale wasichana, akasema, "Shangazi yako ni mtu wa kuogopwa, maana huyo wa sauti nzito ndiye wangu." Tangu hapo anakuita Laoshi, yaani mwalimu.

Kuhusu yule mama. Kijitabu kinasema aliuimba wimbo ule akiwa msichana wa miaka ishirini, na nchi nzima ikaujua. Sasa amepita themanini. Aliugua, sauti ikaondoka. Mizutama walipokwenda kumwomba alikataa, wakarudi akakataa, wakarudi tena. Mwisho akasema uimbeni, lakini nitakuwepo. Wakamwekea kiti studio. Alikuwa na kipepeo cha mkono, cha kujipepea, akawa anakigonga kwenye mkono wa kiti kuwaonyesha pa kuingia, kama alivyofundishwa yeye. Mafundi walitaka kuifuta ile sauti ya kugonga. Wasichana wakakataa. Na yale maneno katikati hayakupangwa, aliyasema tu, akidhani mashine imezimwa.

Wewe hujanijibu, Shangazi. Nilikuomba ubeti wa pili. Umeandika karatasi mbili juu ya Wajapani, na juu ya ombi langu hata nukta. Nilipomuuliza Haroun kuna nini, akaanza kunihadithia mpira, na Haroun hapendi mpira. Nasema wazi kwamba nimeumia. Yule mama wa watu alikubali kwa watoto asiowajua. Mimi ni damu yako, na wimbo umeufungia kabatini mpaka uliwe na nondo. Hiyo siyo heshima, ni choyo.

Ilham


Guangzhou, 17 Agosti 2025

Shangazi yangu,

Assalaam alaykum. Abdulsamad amekuja kwako mara mbili na kurudi mikono mitupu. Anasema ulimpa chai na kaimati, ukamwitikia kwa kichwa tu, ukamfungia mlango kwa adabu.

Lile neno la mwisho la barua yangu nimelifuta moyoni tangu siku niliyoifunga bahasha, ila bahasha ilikuwa imeshaondoka. Kama wimbo hutaki, basi hutaki, nitamtafutia Lulu mwingine. Niandikie tu. Hata kunitukana, andika.

Ilham wako


Zanzibar, 15 Septemba 2025

Mwanangu Ilham,

Kwanza salamu za mama yako, na za muuza samaki, ambaye ameniuliza habari zako, sijui kwa nini. Haroun kapandishwa cheo. Paa la jikoni linavuja tena palepale.

Sikukasirika. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, na mtu aliyezoea kuimba hajui kuanza bila ala.

Mwaka jana, baada ya Idi Kubwa, nilipasuliwa shingo. Ni tezi, ilikuwa imekua mpaka inanibana kumeza. Daktari aliniambia mapema kuwa mishipa ya sauti iko jirani yake na huenda ikaguswa. Nikamwambia kata, nataka kuishi. Nimeishi, alhamdulillah, na uvimbe haukuwa ule mbaya. Nakula, nalala, nagombana kwa mikono na macho, na muuza samaki ananiogopa kuliko zamani. Lakini sauti haikurudi. Iliyobaki ni ya mlango uliokosa mafuta. Niliwaapisha wote nyumbani wasikwambie, maana nakujua, ungeacha mikoba yako ukapanda ndege. Na sikutaka uisikie. Wewe simu yako imejaa sauti yangu ile ya kugeuza ofisi. Nilitaka ibaki humo hivyo hivyo.

Nilihuzunika, Ilham. Sikufichi. Nilikaa miezi sifungui hata redio. Halafu ukaniletea wale watoto wako wa madoadoa, na yule mama na kipepeo chake. Ulipoandika kwamba naye sauti ilimtoka, nililia, nikamfukuza Haroun sebuleni ili nilie vizuri. Yule mama hakuwaambia wangoje mpaka apone. Aliomba kiti.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata baba yako hakulijua. Katika Ua la Kikwajuni kila mwimbaji mkubwa alikuwa na ubeti mmoja unaoachwa. Mtunzi anautunga pamoja na wimbo, lakini hauimbwi. Unakaa nao. Siku unayoliaga jukwaa unauimba mara moja, mbele ya watu, na kuanzia hapo wimbo ni wa utakayempa. Ndiyo maana nilikwambia hapana. Sikuwa nimeaga. Kila mwaka nilisema bado, bado nina pumzi ya mwaka mmoja. Kisha koo la kuagia likaniishia, nikabaki na wimbo siwezi kuuimba wala siwezi kuutoa.

Basi niagie wewe. Ubeti wa pili nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Mpiga udi wetu bado yu hai na vidole vyake viwili vizima. Haroun amemrekodi, atakutumia kwa simu, jifunze. Ubeti wa kuaga ni huu:

Twaa wewe hii taa, mkono wangu wachoka
Mimi ndani nitakaa, wewe njia utashika
Dirisha lishachakaa, mwanga haujapunguka
Ukiona inang'aa, jua nami nimewaka

Kabla ya ubeti huu ala zote zinanyamaza. Zikinyamaza usikimbilie. Ngoja mpaka waliokaa waanze kuona haya, ndipo uingie.

Nami nitakuwepo. Haroun atanishikia simu ya picha, huko jioni, huku mchana. Sitasema kitu.

Na huyo msichana asiye na jina, nilimjua tangu barua ya kwanza. Hakuna mtu anayemwombea mwenzake kwa uchu namna ile. Kunywa maji ya uvuguvugu, acha pilipili.

Shangazi yako,
Mwanahija


Guangzhou, 10 Novemba 2025

Shangazi yangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Nakuandikia wakati miguu iko ndani ya beseni la maji ya moto na hina ya Lulu bado imenikaa vidoleni. Wameoana, wamekula, wamekwenda zao. Salamu zao nyingi.

Barua yako ya Septemba niliisomea ndani ya treni ya chini ya ardhi nikitoka viwandani Huadu. Nilipitiliza kituo changu, nikapitiliza na cha pili. Mama mmoja wa Kichina alinipa karatasi ya kufutia machozi bila kuniuliza neno. Nilipofika nyumbani nikazisikiliza sauti zako zote za zamani, hata ile unayonigombeza kwa ajili ya masufuria. Nililia, kisha nikacheka kwa masufuria. Halafu nikaanza mazoezi.

Ukumbi ulikuwa hoteli ya hapa Xiaobei, ghorofa ya juu. Udi hatukuupata. Kinanda alipiga Patrice, Mkongo wa Lubumbashi anayepiga kanisani kwao. Mazoezi ya kwanza alinilalamikia, "Mama Ilham, hii rythme yenu inatembea pole-pole sana, mimi nalala, je te jure, naapa!" Nikamwekea ule udi wa mzee wako na vidole vyake viwili. Akasikiliza kichwa chini. Akasema, "Ah bon. Huyu mzee hana haraka juu anajua kwenye anaenda." Kuanzia hapo akapiga kama mtu.

Mei alikuja na gauni la madoadoa, na mfuko mzima wa vile vijiti vinavyowaka ambavyo mashabiki wa Mizutama huvipunga. Akawagawia akina mama wote kabla sijapanda. Nilitaka kumkataza, nikaona nimechelewa: bibi zetu wa Kizanzibari wamekaa na baibui zao, kila mmoja na kijiti cha kijani au cha waridi, wanakigeuzageuza.

Nikaimba. Ubeti wa kwanza nilishikilia kipaza sauti kwa mikono miwili. Wa pili wakaanza kuja kunitunza, mmoja baada ya mwingine, noti mkono huu, kijiti mkono huu. Simu uliyokuwemo nimeiegemeza kwenye kiti mbele yangu, sauti juu kabisa. Ulionekana paji la uso tu na kipande cha kanga. Halafu Patrice akanyamaza, kama ulivyoagiza. Nikangoja. Nikangoja tena. Na pale, Shangazi, akili ikanitoka kabisa. Sikujua tena pa kuingia, neno la kwanza silikumbuki, watu wanaanza kuona haya kwelikweli.

Ndipo nikasikia kwenye simu. Tk, tk. Tk, tk.

Niliingia. Nimekuagia, Shangazi. Mstari wa mwisho wote waliinua vijiti vyao bila kuambiwa, na mimi sikuweza kuumaliza ila kwa kulia. Nilipoitazama simu paji la uso halikuwepo tena, kanga tu.

Niambie ulivyouona. Usinionee huruma.

Ilham


Zanzibar, 30 Novemba 2025

Mwanangu,

Sote wazima. Paa la jikoni sasa nimemwita fundi mwingine.

Umeingia umechelewa. Mimi niligonga mapema, kwa kijiko, juu ya sinia la mama yako, kwa hiyo kosa ni la simu zenu, lakini kosa ni kosa. Pumzi unaivuta kama mtu anayepanda ngazi za huko Xiaobei na gunia. Kwenye "chakaa" umepanda juu mno, hapo hapapandwi. Na kulia mwisho wa wimbo ni ufundi wa wanaoanza. Siku nyingine lilia nyumbani.

Nilikwambia una sauti ya kuitia kuku. Sirudi nyuma kwenye neno langu. Ila nimewaona kuku wenyewe, wamekuja wote, na taa zao mkononi.

Paji la uso halikuwepo kwa sababu niliinuka. Nilisimama katikati ya sebule nikacheza mpaka mbele ya simu, na noti yangu juu, kama inavyotakiwa, na Haroun akasema, "Shangazi, simu haipokei noti." Nimekaa hapa na tuzo yangu mkononi, wimbo umenifika, na mwimbaji yuko China.

Ndani ya bahasha hii utaikuta tiketi yako ya waridi. Wewe ndiye uliyesema ni ya kumshika mkono mwimbaji. Tarehe yake imeshapita, lakini nimemwonyesha mama yako naye amesema kwa hapa Kikwajuni bado inafaa. Ikifika, irudishe mwenyewe kwa mkono wako. Foleni haina mtu ila mimi.

Na nikishakushika mkono, sitakuuliza kama umekula. Pilau itakuwa mezani.

Shangazi yako aliyeaga,
Mwanahija